Niangalizie Vitu Vyangu

Chai ilikuwa bado ya moto. Mfasiri aligusa kikombe mara ya pili, akashangaa. Alikuwa ametoka kupokea simu ya mteja, mvua ikamzuia nje chini ya kibanda cha mlinzi, na watu aliowaacha ukumbini wakisubiri chakula walikuwa wameshakula, wameshalipa, wameshaondoka. Chai gani hiyo isiyopoa?

"Niliviangalia," alisema bwana wa kiti cha kona.

Mfasiri alikuwa akisoma ujumbe kwenye simu. Hakuinua uso wala hakusema asante. Aliketi tu akaendelea na kazi.

Ukumbi wa hoteli ile ulikuwa ofisi ya wasafiri. Vyumba vya juu havikushika mtandao, basi kila asubuhi watu waliteremka na kompyuta zao kugombea viti vilivyo karibu na soketi, wakaishi kama ndugu wasiojuana majina. Ukitaka kwenda msalani, unamwambia jirani, "Niangalizie vitu vyangu," nawe unakwenda bila wasiwasi. Ndivyo alivyofanya mfasiri. "Kaka, niangalizie vitu vyangu, mtu asiviguse," alimwambia yule bwana, haraka haraka, bila kujiuliza kwa nini mtu huyo hana kompyuta, hana simu, na hajawahi kuagiza hata maji.

Kesho yake mkoba wake wa kompyuta ulimtangulia. Alikuwa ameufungia chumbani kwa ufunguo akaenda kunywa uji, na alipoingia ukumbini akaukuta juu ya kiti chake, umekaa wima. Kona ilikuwa tupu. Hewa ilinuka nguo zilizolowekwa zikasahaulika kwenye beseni.

Mhudumu wa vinywaji, mcheshi aliyezoea kumwita mfasiri Mama Kompyuta, alikuja kupangusa meza. "Mama Kompyuta, leo umekuja na marashi gani haya?" alitania, akasogeza kikombe cha mfasiri.

Kisha akapiga yowe. Vidole vyake vilikuwa vimejikunja, vikakaza, na hata alipovivuta kwa mkono wa pili havikukunjuka. Walimpeleka jikoni akilia.

Mfasiri aliogopa, lakini saa ya kupiga simu nyumbani ilikuwa imefika, na simu hiyo hakuwahi kuikosa. Binti yake wa pekee alibaki na bibi yake, na safari zote hizi, kazi zote hizi za kukesha na maneno ya watu, zilikuwa kwa ajili yake. Uso mdogo ukajaa kwenye kioo cha kompyuta, ukatabasamu, halafu tabasamu likaisha.

"Mama, huyo mjomba nyuma yako mbona hapepesi macho?"

Nyuma ya mfasiri palikuwa na ukuta. Aligeuka, akauona ukuta, akarudisha macho kwenye kioo, na pale kwenye kipicha chake kidogo pembeni akaona bega la mtu juu ya bega lake, na uso uliokaribia shavu lake kabisa, uso wa yule bwana wa kona, usiomtazama yeye hata kidogo bali unamtazama mtoto, kwa makini, kwa upole, kama mlinzi anayekabidhiwa lindo jipya.

"Njoo kwa bibi, usiogope," sauti ya mama yake ilisikika, mkono ukaja kumshika mtoto, na papo hapo bibi akalia, "Mkono wangu! Jamani, mkono wangu umekufa!" Simu ikakatika.

Mfasiri aliruka kutoka kitini. Kwenye meza ya dirishani alikaa tabibu wa watu wenye majini, msafiri kama wao, aliyewatibu wateja wake kwa simu huku amevaa visikizi vikubwa masikioni. Wenzake walimcheka kwamba ana wagonjwa wengi kuliko wageni wa hoteli. Sasa alivivua visikizi, akasogea.

"Dada," alinong'ona, "ulimkabidhi nani vitu vyako?"

Akamweleza.

"Na uliporudi, ulivipokea?"

"Nilikaa tu."

"Basi bado yuko kazini. Amana haichukuliwi kimya kimya. Ulimpa kwa kinywa, ipokee kwa kinywa. Jini ni mfanyakazi asiyejua kustaafu."

"Mtoto wangu, shehe. Mtoto wangu!"

"Mtazame yule bwana. Mshukuru. Usilie mbele yake."

Kiti cha kona kilikuwa kimekaliwa tena. Mfasiri alisimama mbele ya yule bwana, akasema kwa sauti aliyoiokota sijui wapi kwamba amerudi, kwamba anashukuru, kwamba amepokea kila kilicho chake na kila aliye wake, na kwamba ulinzi umekwisha. Bwana yule aliinama kwa adabu. Kiti kikabaki kitupu, kimelowa. Kutoka jikoni ikasikika sauti ya mhudumu, "Vimekunjuka! Vidole vimekunjuka!"

"Alhamdulillahi," alisema tabibu, akijifuta jasho. "Sasa piga nyumbani upesi. Waonye wasimwachie mgeni kitu chochote. Huyu akikosa kazi, huitafuta."

Bibi alipokea kwa furaha. "Mwanangu! Mkono umefunguka wenyewe! Nimo ndani kwa daktari hapa jirani, hata yeye anashangaa."

"Mama, mtoto yuko wapi?"

"Yuko nje kwenye benchi. Humu hawaruhusu watoto."

"Na nani?"

"Kuna bwana mmoja mpole, nimemwomba sasa hivi tu amwangalie."

"Mama, toka! Mchukue! Kimbia!"

"Mbona unanipigia kelele? Si mgeni huyo. Amesema wewe mwenyewe huwa unamwachia vitu vyako."