Wimbo Ulioombwa

Kila alipotoka shule, Chiriku alipitia saluni ya shangazi yake, akafagia nywele sakafuni, akapanga vitana, kisha akaomba simu. Jina hilo alilipata kwa sababu ya mdomo wake usiotulia. Hata akifagia alikuwa akiimba. Shangazi alikuwa msusi hodari, na simu ile ndiyo iliyomletea wateja. Aliweka picha za misuko yake kwenye ukurasa wake mtandaoni, na watu wakafunga safari kutoka mitaa ya mbali kuja kusukwa.

Chiriku alimpenda mno Bi Zeze, mwimbaji wa mji wao. Tamasha la shule lilipokaribia, alitengeneza video kwa wimbo mpya wa mwimbaji huyo. Alichukua wimbo mzima, akakata vipande vya video ya Bi Zeze mwenyewe, akavichanganya na picha za wenzake wakicheza, kisha akaweka kazi yote kwenye ukurasa wa shangazi. Mwalimu wa muziki aliiona, akasema ndiyo itakayofungua tamasha. Siku hiyo Chiriku alitembea kana kwamba hakanyagi ardhi.

Kesho yake video haikuwepo. Mahali pake palikuwa na onyo: imeondolewa kwa kutumia kazi ya mtu bila idhini.

Rafiki yake, aliyeitwa Twiga kwa urefu wake, alimwambia hilo ni jambo dogo. Aongeze kasi ya wimbo kidogo na ageuze picha, ya kulia iwe kushoto, mitambo isiitambue. Chini aandike kwamba hadai haki yoyote ya wimbo. Mbona watu wote hufanya hivyo? Chiriku akafuata ushauri. Haukupita muda likaja onyo jingine, kali zaidi: akirudia tena, ukurasa wote utafungwa.

Ukurasa ukifungwa, wateja wangempataje shangazi? Alitamani kunyamaza, maana shangazi hakuwa na mazoea ya kusoma maonyo. Lakini alipomwona amesimama nyuma ya kiti cha mteja, miguu imevimba, vidole bado vinakwenda, alishindwa. Mteja alipoondoka alimweleza kila kitu, hata ule ujanja wa mara ya pili.

Shangazi alikunja uso, lakini hakugomba. Alinawa mikono, akavaa viatu.

"Twende kwa mwenyewe," alisema. "Mwenye wimbo haishi mwezini."

Studio ilikuwa chumba kidogo nyuma ya duka la mafundi redio, kuta zake zimefunikwa magodoro kuzuia kelele. Kupitia kioo walimwona Bi Zeze akirudia mstari mmoja tena na tena. Mara mpiga ngoma alichelewa, mara sauti ilikwaruza, mara pikipiki ilipita nje ikaharibu kila kitu, wakaanza upya. Chiriku alikuwa akidhani wimbo humtoka mtu kama chafya.

Bi Zeze alipotoka kupumzika, Chiriku alimwamkia, akasimulia aliyoyafanya. Mwimbaji alimsikiliza huku akinywa maji ya moto.

"Kwa nini hukuniomba?"

"Niliogopa utakataa."

"Basi ulijua kuwa ni wangu."

"Nilijua," Chiriku alikiri.

Bi Zeze akamweleza taratibu. Sheria huweza kumruhusu mtu anukuu kipande kidogo, tuseme anapokichambua au kukifundishia, lakini si kubeba wimbo mzima. Kuandika kwamba hudai haki hakukupi ruhusa. Tena picha za video ile zilikuwa jasho la mpiga picha, na yeye Bi Zeze hakuwa na mamlaka ya kuzigawa.

"Wimbo ni wangu, nakupa utumie," alisema. "Picha tafuta zako. Na wote tulioufanyia kazi ututaje kwa majina."

Akampa idhini kwa maandishi, akawaandikia wenye mtandao waondoe maonyo.

Chiriku akaingia kazini. Alipiga picha vidole vya shangazi vikigawa nywele, kila pigo la ngoma na fundo lake. Alipiga picha kitana kikiruka, shanga zikimwagika, wateja wakicheka mbele ya kioo. Twiga alimshikia taa, na shingo yake ndefu ikaingia kwenye video ikitikisika kwa mdundo.

Siku ya tamasha video hiyo mpya ndiyo iliyofungua shughuli. Kisha mtu mmoja akapiga makofi kufuata ngoma, wakafuata wengine, mpaka ukumbi mzima ukawa unadunda. Mwalimu alilazimika kuirudia. Bi Zeze, aliyekuwa amesimama nyuma, aliiweka kwenye ukurasa wake jioni ile ile, na asubuhi saluni ikajaa watu wakitaka msuko wa kwenye video.

Shangazi alimwita Chiriku kando, akamshika mabega.

"Video ya kwanza walisifu kazi ya Bi Zeze. Hii wamesifu kazi yako," alisema. "Kumpenda mtu hakukupi ruhusa ya kuchukua jasho lake, mwanangu. Omba. Ukinyimwa, buni chako. Ukipewa, mtaje aliyekupa. Ukifanya hivyo utasimama mbele ya yeyote, kichwa juu, kama ulivyosimama jana ukumbini."