Nyumba ya Mtindi

Sokoni siku ya Jumamosi hakuna adabu: ukisimama unasukumwa, ukitembea unakanyagwa. Katika vurugu hiyo ndipo futi ya chuma ilipomponyoka kijana mmoja na kunasa pindo la gauni la kijani la mwanamke aliyekuwa amekumbatia boksi la vifuniko vya chupa.

"Samahani sana, dada. Nilikuwa napima mlango huu wa zamani."

"Mbona umenipima mimi? Haya, nimetoka ngapi?"

"Bado sijamaliza."

Mwanamke alitamani kucheka, ila hakuwa na muda wa kucheka. Saa nne ilikuwa inakaribia, na saa nne lazima awe nyumbani mbele ya pipa la maziwa.

Mtaa mzima ulimwita Dada Mtindi. Nyumba yao ya mawe ilijengwa na babu wa baba yake, wakati huo pote pakiwa shamba na ng'ombe wakichungwa hadi mtoni. Mji ukaja, ukalimeza shamba, ukabakiza nyumba peke yake katikati ya maghorofa. Maziwa sasa yaliletwa na gari, lakini mtindi uliuzwa palepale, kwenye dirisha linalotazama barabara. Kila saa nne kamili kikombe cha mtindi wa jana kilikorogwa ndani ya maziwa ya leo, na haikuwahi kurukwa hata siku moja. Tena mwiko wa nyumba ulikuwa mmoja: mkono wa mgeni haugusi mwiko wa kukorogea. Mama alishafariki, mikono ya baba ilikuwa inatetemeka, ndugu hakuwa nao. Kwa miaka kumi binti huyo hakuwahi kufika mbali zaidi ya sokoni.

Kesho yake yule kijana wa futi alitokea dirishani, shati limenyooshwa mpaka linang'aa. Kazi yake ilikuwa kuandika habari za majengo ya kale ya mji. Akanunua chupa ya mtindi, akanywa huku amekunja uso.

"Wewe Futi, hupendi mtindi."

"Sipendi. Nipe mwingine."

Mapenzi yakashika moto kwa simu. "Malkia, umeshakoroga?" "Nakoroga sasa hivi, simu nimeibana begani." "Basi nihadithie tena ya bibi yako na mwaka wa maradhi." Naye akahadithia: namna bibi alivyolisha mtaa mzima kupitia dirisha lile, na namna wajenzi wa reli walivyopanga foleni na makopo yao alfajiri. Futi aliitikia kila neno. Alikuwa akipenda kwa dhati, ila alikuwa pia na kalamu mkononi.

Kila mmoja alikuwa na siri ya kumfurahisha mwenzake. Siri ya binti ilikuwa hii: baba amekubali kumuuzia nyumba mjenzi wa maghorofa na kufunga biashara, na yeye amepata nafasi ya mwaka mmoja katika chuo cha utangazaji, safari ya siku nzima kwa treni. Alipanga amwambie Jumapili.

Futi akamuwahi Ijumaa. Alikuja na koti la buluu, na bahasha yenye muhuri wa mji, akasoma mbele ya baba mtu kwa sauti ya kupanda: kwa umuhimu wake katika historia, nyumba hii na biashara yake vimekuwa urithi wa mji, nyumba isivunjwe, isibadilishwe, na mtindi uendelee kutengenezwa humo kwa desturi yake.

Mzee alilia kwa furaha. "Nilikuwa nimeshakata tamaa! Sasa nani atathubutu kufunga historia?"

Binti alimvuta Futi hadi uani.

"Umeniua."

"Malkia! Hadithi zako zote nimeziandika, hakuna hata..."

"Nilikuwa naondoka, Futi! Umeipigilia misumari nyumba hii na mimi nikiwa ndani."

Alipomweleza habari za chuo, Futi alikaa chini kwenye ndoo iliyopinduliwa. Binti akamwinua na kumfukuza.

Wiki tatu simu za Futi hazikupokewa. Binti aliuza mtindi kwa wateja waliokuja kupiga picha dirisha, akawatazama wakienda zao, akawaonea wivu hadi watoto wa shule. Tena alimkumbuka yule mjinga, na hilo lilimuudhi kuliko yote.

Siku moja asubuhi Futi alisimama dirishani, amekonda, kucha zimekatwa fupi.

"Nimehangaika ofisi zote. Muhuri ukishapigwa haufutiki."

"Sasa umefuata nini?"

"Kazi. Nifundishe kukoroga."

"Mgeni hagusi."

"Najua, niliandika mwenyewe. Ndiyo sababu sitaki kuwa mgeni. Nikuoe, mpenzi. Nihamie mimi humu, wewe uende chuo."

"Mwanamume gani anaoa ili mkewe apande treni?"

"Aliyemfungia mlango."

Ndani kukasikika kikohozi. Mzee alijikongoja hadi dirishani, akamtazama kijana, kisha akamtazama bintiye kana kwamba hajawahi kumwona akiwa amechoka.

"Hebu nione hiyo mikono," alisema. "Nawa kwanza, mwanangu."

Walioana kabla chuo hakijafunguliwa. Siku ya safari bibi harusi alisimama nje ya dirisha na sanduku lake, upande wa wateja, mahali ambapo hakuwahi kusimama. Mumewe alikuwa ndani, aproni ya mkewe imemkaa kifuani kama bibu ya mtoto.

"Basi nisindikize, hata mpaka kituoni."

"Siwezi, malkia. Treni inaondoka saa nne."

Hapo ndipo alipoelewa Futi amejitia wapi kwa ajili yake. Machozi yakamshuka bila kuyazuia. Akaingiza mkono dirishani, akamshika shavu lenye unyevu wa maziwa.

"Mwaka mmoja," alisema. "Nikirudi, ni zamu yangu, na wewe utatoka."