Nyamizi Anataka Kengele

Haya, sogeeni karibu. Huyu ni Nyamizi. Ana miaka saba, na adabu anayo hasa!

Muulize, "Nyamizi, wali au ugali?"
Atasema, "Chochote tu."
Bibi yake alimfundisha hivyo. Mtoto mwenye adabu hachagui.

Sasa, shuleni kwao kuna bata bukini. Shingo yake ndefuuu. Ukipita karibu, anaiinamisha, anakujia. Sssss!

Nyamizi anamwogopa huyo bata kuliko giza. Akimsikia tu, moyo wake unapiga du! du! du!

Jumatatu, Ticha Gaudensia aligawa kazi za wiki.
"Nani atapiga kengele? Nani atampa bata maji? Chagueni, na mseme kwa Kiingereza."

Masanja akaruka juu. "I prefer the goose to the bell!"
Yaani, yeye anapenda bata kuliko kengele. Jamani, Masanja!

"Na wewe, Nyamizi?"
Nyamizi akasimama. Maneno aliyajua. Kengele aliitaka, tena aliitaka sana! Lakini kuchagua mbele ya ticha? Si utovu wa adabu huo?

Du! du! du!
"Chochote tu, ticha," akanong'ona.
"Basi utamsaidia Masanja. Tangulia na maji ya bata."
Mama yangu weee!

Nyamizi akabeba ndoo. Hatua moja, du! Hatua mbili, du! Maji yakamwagikia miguuni, chwaa!

Bata akamwona. Akainamisha shingo. Sssss!

Nyamizi akataka kukimbia. Miguu ikagoma. Bata akaja, tapa tapa tapa, akang'ata sketi, akavuta!

"Ticha! I prefer the bell! I prefer the bell to the goose! Please!"

Lo, sauti hiyo! Hata bata alishtuka, akaiachia sketi.

Ticha akaja mbio, akamkumbatia.
"Mbona hukusema, mwanangu?"
"Niliogopa, ticha. Kuchagua si adabu."
"Nikikuuliza, nataka kujua. Ukinijibu vizuri, hiyo ndiyo adabu."

Masanja akaichukua ndoo. "Njoo, bata wangu, njoo!" Wala hakuogopa, huyo.

Nyamizi akapewa nondo fupi ya kupigia kengele. Kengele yao ni rimu ya lori, imetundikwa nje ya ofisi. Akainua mikono yote miwili.

Ngo! Ngo! Ngo!

Milango ikafunguka. Watoto wakatoka mbio kwenda kunywa uji, wakubwa kwa wadogo. Walimu nao wakatoka. Shule nzima, kwa mkono wa Nyamizi!

Ngo! Akaongeza moja, kwa furaha tu. Moyo wake ulikuwa umetulia, tuli.

Usiku ule Nyamizi alilala fofofo.

Haya, na nyie je? Tulale sasa, au tusome tena? Semeni, nawasikiliza.