Chakula Kinachotoka

Siku Kisafishadamu kilipotoka nyumbani kwa Bi Zaina, hakuna aliyejua kwamba kinaondoka moja kwa moja. Ilikuwa katikati ya Ramadhani. Kilikuwa kimemaliza kazi yake kama kawaida: kilivuta damu ya mwanawe Mbaruku kupitia mrija wa mkono wa kushoto, kikaichuja, kikamrudishia ikiwa safi, kisha kikambandika plasta kwa vidole vyake laini vya mpira na kuikunja mirija tumboni mwake. Siku zote baada ya hapo kilirudi kwenye kona karibu na kabati la vyombo, kikatulia huko mpaka zamu nyingine. Safari hii kilipita sebuleni, kikafungua mlango taratibu, kikashuka ngazi na kuifuata Barabara ya Kumi na Mbili bila kugeuka.

"Mchumba wangu anakwenda wapi?" Mbaruku aliuliza kutoka kitandani. Alikiita mchumba kwa sababu, alisema, hakuna mwingine Tanga nzima aliyekubali kumshika mkono bila kumuuliza anafanya kazi gani.

"Labda kinakwenda kutengenezwa," Bi Zaina alijibu huku akikoroga uji wa kufuturu. "Na chuma nacho huchoka."

"Basi kingeaga. Miaka miwili tunakaa wote, kinaondoka kama mpangaji anayekimbia kodi!"

Bi Zaina alicheka. Mwanasha hakucheka. Dada huyu wa Mbaruku alikuwa mwaka wa mwisho wa shahada ya uzamili ya Sera ya Jamii na Ustawi, na alikuwa amekaa mezani akisoma. Juu ya mlango kulikuwa na kifaa kidogo, ukubwa wa sahani ya sabuni, chenye taa moja. Kwa miaka miwili taa hiyo ilikuwa nyekundu. Sasa ilikuwa kijani. Mwanasha aliijua maana ya kijani kuliko mtu yeyote katika mtaa ule, kwa kuwa tasnifu yake ilihusu kifaa hicho hicho.

Kiliitwa Kipimahali. Kila nyumba katika mji wa Tanga ilikuwa nacho. Kilinusa kinachopikwa, kilisikia maji yanavyotumika, kilitambua kila kinachoingia na kutoka mlangoni, kisha kikaamua nyumba hiyo iko katika hali gani. Taa nyekundu ilimaanisha nyumba inahitaji, na huduma zote za ustawi zilifuata zenyewe. Kijani ilimaanisha nyumba inajiweza, na huduma ziliondoka zenyewe kwenda kwa wengine. Kabla ya hapo palikuwa na maofisa waliopita mlango kwa mlango. Watu walificha televisheni kwa shangazi zao, na maofisa nao waliomba chai. Asiyejua kulia mbele ya wageni hakupata kitu. Kipimahali kilikomesha yote hayo, na Mwanasha alikuwa amekisifu, kwa haki kabisa, katika sura tatu za mwanzo za tasnifu yake.

Kesho yake asubuhi alikwenda Idara ya Ustawi. Mwananchi wa kawaida aliruhusiwa kuona rangi ya taa tu, lakini yeye kama mtafiti alikuwa na kibali cha kukiuliza Kipimahali sababu zake. Ofisa wa zamu, Bwana Shemweta, alimvutia kiti na kuwasha kipaza sauti cha mezani.

"Kwa nini nyumba ya Bi Zaina inajiweza?" Mwanasha aliuliza.

Sauti iliyojibu ilikuwa ya upole. "Nyumba hii hutoa chakula karibu kila siku. Vyombo hutoka vikiwa na kitu ndani. Nyumba yenye shida haitoi chakula kwa mfululizo namna hiyo. Kwa hiyo inajiweza."

"Na chakula kinachoingia?"

"Chakula kinachoingia kutoka kwa majirani hakihesabiwi. Kanuni hiyo iliongezwa kwa maombi ya wananchi, ili nyumba isiadhibiwe kwa kupendwa."

Mwanasha aliliona jiko la mama yake kama vile amesimama ndani yake. Tangu Mbaruku aanze kuugua figo, majirani hawakuacha kuleta: Mama Rukia mbaazi za nazi, wa nyumba ya pili samaki, wa kona mihogo. Na Bi Zaina tangu azaliwe hajawahi kumrudishia mtu bakuli tupu. Kama hana kitu huweka ndimu mbili. Kama hana ndimu hutia sukari kidogo chini ya bakuli na kulifunika kwa kawa. Ramadhani ilipoingia vyombo viliongezeka, naye akawa anakaanga kaimati kwa unga ulioletwa na Mama Rukia, kisha anamrudishia Mama Rukia kaimati hizo. Kilikuwa chakula chao wenyewe kinachozunguka. Kipimahali kilifumba jicho chakula kilipoingia, kikalifumbua kilipotoka.

Alimweleza Bwana Shemweta yote hayo. Ofisa alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa.

"Nimekuelewa, dada. Hata kwetu Bumbuli, mama yangu ndivyo alivyo. Ukimpelekea chombo, jiandae kurudi na mzigo."

"Basi andika hivyo, taa irudi nyekundu."

"Mimi siigusi taa. Hakuna mtu anayeigusa, ndiyo maana watu wanaiamini. Naweza kuomba nyumba iangaliwe upya. Itaangaliwa mwezi mzima, na mwezi huo kisitoke chombo chenye kitu."

"Mdogo wangu hafikishi wiki mbili bila kusafishwa damu, Bwana Shemweta. Na wodi ya figo mliifunga mlipopeleka mashine majumbani."

"Tuliifunga, ndiyo."

"Basi kile kile kirudi kwa muda, wakati mnaangalia."

Bwana Shemweta alivua miwani. "Kipo Chumbageni, kwa binti wa miaka kumi na tisa. Alikuwa akingoja tangu mwaka jana. Nikikitoa kwake leo, kesho atakuja dada yake akae kwenye kiti hicho ulichokalia. Nimwambie nini?"

Mwanasha alikuwa amesoma waandishi wengi kuhusu mgawanyo wa haki, na mitihani ya somo hilo aliifaulu vizuri. Kabla ya kutoka aliomba nyumba iangaliwe upya, kwa sababu hapakuwa na jingine la kuomba. Hospitali za kulipia alizopitia siku ile zilimtajia gharama ambayo hata nyumba ile ikiuzwa isingefika.

Jioni alifunga mlango wa chumba cha mdogo wake na kumwambia ukweli wote. Mbaruku alisikiliza akiwa amelala chali. Uso wake ulikuwa umeanza kujaa maji.

"Kwa hiyo ni ndimu za mama," alisema mwishowe.

"Ni kanuni, Mbaruku. Usiseme hivyo."

"Mimi nasema hivyo kwa sababu yeye ndivyo atakavyosema." Alipumua kwa shida. "Umeshamwambia?"

"Bado. Lazima aache kurudisha vyombo na vitu, ili mwezi ukiisha..."

"Mwezi! Dada, wewe ndiye msomi. Hesabu. Mimi mwezi ninao?"

Mwanasha alimwekea mto mwingine mgongoni.

"Ukimwambia hunirudishii mchumba. Utakuwa umemwambia tu kwamba ameniua kwa kaimati. Niahidi hatajua. Si leo, si nikishaondoka, si kwa kuandika, si kwa kusema."

"Mbaruku, hilo ndilo kosa la kanuni lenyewe, lazima liandikwe. Watu wengine..."

"Watu wengine wana dada zao," alisema. "Niahidi."

Akaahidi.

Hata hivyo siku iliyofuata alijaribu. Alimkuta mama yake uani akichuja kaimati na kumwambia, kama jambo la kupita tu, kwamba siku hizi wangerudisha vyombo vya watu hivyo hivyo, vimeoshwa.

Bi Zaina alimtazama kama aliyemsikia akitukana. "Vitupu? Mwanangu mgonjwa ndani, mimi ndiyo nianze uchoyo? Huu ndio wakati wa kutoa, Mwanasha. Nani ajuaye ni sadaka ipi itakayompa nafuu?"

Kuanzia siku hiyo akazidisha. Alitoa hata tende alizowekewa mgonjwa. Mbaruku alikuwa akisikia bakuli likifunikwa na viatu vya mama yake vikitoka, kisha akigeukia ukuta. Siku mbili za mwisho hakuweza kulala chali kwa sababu ya maji kifuani, ikabidi Mwanasha akae nyuma yake ili amwegemee. Alifariki kabla ya Idi, asubuhi, mama yake akiwa kwa Mama Rukia na bakuli.

Msiba ulijaa watu na masufuria. Bi Zaina, katikati ya kilio, aliulizia kama vyombo vya watu vimerudishwa na kitu. Mwezi ulipoisha taa ilikuwa bado kijani, na Kipimahali kilieleza kwa upole ule ule kwamba chakula kilichotoka kilikuwa kimeongezeka.

"Kwani wale wa Ustawi walikosea wapi, mwanangu?" Bi Zaina alimuuliza siku moja wakikunja nguo za marehemu. "Si ulikwenda kuwauliza?"

"Kipimahali kilikuwa kibovu tu, mama."

"Mungu awasamehe," alisema Bi Zaina, akaendelea kukunja.

Mwanasha aliandika sura ya nne ya tasnifu kwa wiki tatu bila kuinua kichwa. Aliandika kanuni ya chakula kinachotoka, bakuli, ndimu, jiko la nyumba moja ambayo hakuitaja jina. Msimamizi wake, Dokta Anyisile, aliisoma na kumpigia simu siku hiyo hiyo.

"Sura hii ndiyo tasnifu yako. Hizo nyingine tatu ni za mtu yeyote. Hii wakiisoma wizarani, kanuni itabadilishwa."

"Naiondoa, Dokta."

"Unaiondoa? Una wazimu?"

"Mama yangu atakuwepo siku ya kutetea. Na majirani wote. Hata nisipotaja jina, wataijua nyumba. Na mama atalijua jiko lake."

"Kuna nyumba nyingine zenye mama kama wako, Mwanasha."

"Najua," alisema. "Najua vizuri sana."

Siku ya kutetea, Bi Zaina alikaa mstari wa mbele akiwa na kanga mpya, pembeni yake Mama Rukia. Kila Mwanasha alipomaliza kujibu swali, mama yake alitikisa kichwa kwa fahari, kana kwamba alikuwa akiyaelewa yote. Mtahini wa mwisho alikuwa mzee kutoka wizarani, mtu makini, aliyekuja na swali moja.

"Kanuni ya chakula kinachotoka imeleta ubishi hapa na pale. Wewe umeishi na chombo hiki na umekichunguza kwa ndani. Ulikuta kanuni hiyo ikiwaonea watu?"

Dokta Anyisile aliinamia karatasi zake. Mwanasha alimtazama mama yake, aliyekuwa akimtabasamia.

"Sikukuta," alisema.

Mzee alishukuru na kuandika. Mwanasha alifaulu, na watu wa Barabara ya Kumi na Mbili walimshangilia hadi nje.

Kuanzia mwezi wa saba, Kipimahali kitawekwa, na kanuni zake zile zile, katika nyumba zote za Muheza, Pangani na Korogwe.