Kurasa Zilizoshikana

Rafiki yetu mmoja, fundi wa kujalidi vitabu, aliletewa riwaya kuukuu ya mapenzi: mwanamke anarudi enzi za zamani na kupata mpenzi huko. Kurasa za mwisho zilikuwa bado zimeshikana tangu kiwandani, hazijawahi kusomwa na mtu. Umeme ukakatika. Akawasha tochi, akapitisha kisu, karatasi zikalia kwaruu.

"Mume wangu nimemuaga naenda kwa dada," mwanamke wa kitabuni alimwambia mpenzi wake. "Fundi wa vitabu yule, anakoroma kama mashine ya kusaga!"

Fundi akairudia sentensi hiyo. Asubuhi mkewe alimuaga hivyohivyo. Akampigia simu shemeji yake, dada wa mkewe.

"Mdogo wako yupo hapo?"

"Shemeji, acha utani! Mwezi mzima sijamtia machoni."

Akakata ukurasa uliofuata. Pembeni, kwa mwandiko wa mkewe, paliandikwa: "Usinisubiri." Alipoligusa neno hilo, wino ulimchafua kidole.