Nitaolewa, Ndiyo

— Ndege yake ni saa ngapi?

— Saa moja jioni, mwanangu. Ina maana hajakuaga?

Bronagh alikiweka kikombe mezani kabla hakijamponyoka. Alikuwa ameshavaa jezi, soksi zimepandishwa hadi magotini, fimbo yake ya hurling, ule mchezo wa Kiirishi wa mpira na fimbo, iko kwapani. Fainali ya wanawake ilikuwa karibu kuanza, na timu nzima ilimtegemea yeye kufunga. Sasa hata jina la wapinzani lilimtoka kichwani.

— Anaenda likizo?

— Likizo gani! Anarudi nyumbani moja kwa moja. Baba yake kafanyiwa upasuaji wa nyonga, ng'ombe hawana wa kuwakamua. Jana kaniachia funguo za karakana yake.

Bi Philomena alisema "nyumbani" kama wasemavyo Wairishi wote wa San Francisco, akimaanisha Ireland, ingawa aliondoka Cork akiwa msichana na leo ana wajukuu wasiojua kutofautisha ng'ombe na ndama. Kila mwaka huapa kwamba mwakani anarudi. Na kila Jumapili yuko hapa uwanjani, nyuma ya meza ya chai, anapaka mkate siagi na kukusanya habari za watu.

— Fachtna wangu mimi? Bronagh akauliza tena.

— Kwani wako wangapi? Kunywa chai, binti. Umekuwa mweupe kama lile koti lake.

Fachtna alikuwa upande wa pili, kando ya milingoti ya goli, amevaa koti refu jeupe la waamuzi wa golini na bendera zake mbili mkononi: nyeupe ya kupandisha mpira ukipita juu kwa pointi moja, ya kijani ukiingia wavuni kwa goli. Hakugeuka kutazama meza ya chai hata mara moja.

Na ni mtu huyo huyo ambaye, siku ya nusu fainali, wiki mbili tu zilizopita, alimvuta Bronagh nyuma ya kontena la kubadilishia nguo wakati wa mapumziko. Alikuwa amemtengenezea fimbo yake iliyopasuka: bati jipya kwenye ncha, utepe mpya kwenye mshiko. Fachtna ni seremala na mikono yake haina wasiwasi. Akapiga goti kwenye matope.

— Brona, mimi si mtu wa maneno. Utaolewa na mimi?

Bronagh alijua jibu papo hapo. Alimpenda kupita kiasi. Yeye ni mtu wa Antrim, kaskazini kabisa mwa Ireland, na Fachtna wa Cork, kusini kabisa, na mwaka mzima walikuwa wakitaniana kuhusu lafudhi. Sasa akaona "ndiyo" ya kawaida haitoshi. Akataka kumjibu kwa msemo wa kwao, ule aliousikia kila siku kwa vijana wa Cork hapo uwanjani. Akainua kidevu, akaiga sauti yao ya kupanda na kushuka:

— Nitaolewa, ndiyo!

Kipenga kikalia. Akainyakua fimbo, akakimbilia kipindi cha pili huku anacheka peke yake kama chizi. Alifunga magoli mawili. Alipotoka, Fachtna hakuwepo.

Tangu hapo simu zikawa hazipokelewi. Meseji zikawa za kuungaunga.

"Mpenzi, upo?"

"Nipo. Kazi nyingi."

"Tutaongea lini mambo yetu?"

"Yalishaongewa, Brona. Usijali, sina kinyongo."

Kinyongo cha nini? Bronagh aliisoma meseji hiyo hadi akaichoka, na kila mara alipata maana moja tu: mwanaume ameposa, halafu amejuta.

Aliiacha chai yake na kuvuka uwanja.

— We Fachtna!

— Brona. Kila la heri kwenye mechi.

— Heri nitajitafutia mwenyewe. Eti unaondoka leo?

— Naondoka.

— Na mimi je?

— Wewe ulishanijibu.

— Si nilikujibu! Kwa mdomo wangu huu!

— Basi. Mtu akishajibiwa vile, anabaki kufanya nini?

— Kumbe ndivyo mlivyo, watu wa Cork! Mnaahidi leo, kesho mmesahau.

— Afadhali sisi. Hatumcheki mtu akiwa kapiga goti kwenye matope.

— Nani kacheka?

Mwamuzi wa kati alikuja mbio, kipenga mdomoni.

— Nyie wawili! Hapa ni fainali au baraza la usuluhishi? Dada, nenda nafasi yako.

Kipindi cha kwanza kilikuwa aibu. Upepo wa ghuba ulisukuma ukungu katikati ya uwanja, na mpira ule mdogo wa ngozi ulikuwa unamtokea Bronagh usoni kama deni. Mipira aliyozoea kuifunga aliipiga nje. Kwanza machozi yalimziba macho. Pili, kiganja kilikuwa kinawaka moto, maana tangu fimbo itengenezwe kulikuwa na kinundu chini ya utepe wa mshiko, na kinundu hicho kilikuwa kimemtia lengelenge.

Mapumziko yalipofika alijitupa kwenye kiti cha Bi Philomena. Simu yake ikalia mfukoni mwa koti aliloliacha hapo. Meseji, kutoka kwa mama yake Antrim:

"Nimeongea na padri. Jumamosi ya pili ya Mei. Shangazi yako keshanunua kofia. Huyo kijana anakula samaki?"

Hapo Bronagh akaangua kilio.

— Leta mkono nikufunge, alisema Bi Philomena. Lengelenge halimlizi mtu mzima. Kuna nini?

— Nitamwambia nini mama yangu? Nitamwambiaje kwamba nimeachwa?

— Umeachwa na nani? Si wewe uliyemkataa kijana wa watu?

— Mimi? Nani kasema?

— Kasema mwenyewe, hapa hapa, na chai yake hakuigusa. Nikamwambia pole, wanawake wa kaskazini wagumu.

— Bi Philo, nilimkubali! Naapa!

Bi Philomena akaiacha bandeji ikining'inia.

— Ulimjibu nini? Nipe neno kwa neno.

— Nilimwambia, nitaolewa, ndiyo.

— Sema kama ulivyosema siku ile. Na sauti yake.

Bronagh akainua kidevu, akaimba vile vile. Bi Philomena akajishika kifua.

— Yesu na Maria!

— Nini?

— Mwanangu, Cork ukisema hivyo umesema thubutu! Umesema labda nife nifufuke! Juzi nilimwomba Donncha, yule kijana wa Cork, anioshee masufuria, alinijibuje?

— "Nitaosha, ndiyo."

— Na masufuria aliosha nani?

— Wewe.

— Haya sasa!

— Mimi nilidhani watu wa Cork ni wasahaulifu!

Bi Philomena alicheka hadi akashika meza, kisha akaona uso wa msichana, akaacha.

— Lakini mwaka mzima uko naye. Hujawahi kusikia akikwambia wewe neno hilo?

Bronagh alifikiri. Alimwomba ampeleke zamu ya alfajiri hospitalini, akampeleka. Alimwomba rafu ukutani, akagongelea rafu. Alimwomba aende naye ubatizo wa mtoto wa binamu yake, siku ya mvua kubwa, siku ambayo timu ya Cork ilikuwa inacheza kwenye televisheni, naye akaenda na tai shingoni. Kote alijibu "haya" tu, akafanya.

— Hajawahi, alisema taratibu. Hajawahi kulisema kwangu, kwa sababu hajawahi kuninyima kitu.

Na aliposikia maneno hayo yakitoka mdomoni mwake, alijua hawezi kumwacha mtu huyo apande ndege akiamini amedharauliwa.

Timu zikabadilishana magoli. Sasa Bronagh alikuwa anashambulia lile la Fachtna. Hakuhitaji kusubiri sana: beki mmoja alimgonga begani, mwamuzi akatoa adhabu, na Bronagh akaweka mpira chini mbele ya milingoti. Uwanja ukatulia.

— Fachtna!

— Piga mpira, Brona.

— Siwezi! Mshiko huu ulioufunga umenichubua mkono!

Mwanaume akawa mwekundu kuanzia shingoni.

— Ufungue utepe basi.

— Ati nini?

— Nilitaka uufungue siku ile, ukishakubali. Ukakimbia na fimbo. Baadaye niliona haya kuidai. Nikasema, ibaki. Siwezi kumvisha mtu mwingine.

Bronagh akaung'ata utepe kwa meno, akauchana. Pete ikamdondokea kiganjani, juu ya bandeji: ndogo, ya dhahabu, yenye mikono miwili iliyoshika moyo, kama wanayovaa mabibi wa Kiirishi. Wiki mbili nzima alikuwa ameikumbatia bila kujua. Akacheka na kulia kwa pamoja.

— Mjinga wewe! Nilitaka kukujibu kwa maneno ya kwenu! Nilidhani ndivyo mnavyosema ndiyo!

Golikipa wa wapinzani, mzaliwa wa Cork, ndiye aliyekuwa wa kwanza kuelewa. Alijikunja kwa kicheko, fimbo ikamtoka.

— Yaani... ulikuwa unakubali? aliuliza Fachtna.

— Tangu siku ile! Shangazi yangu keshanunua kofia!

— Brona, wiki mbili chakula hakipiti.

— Na mimi usingizi. Sasa nakuuliza mimi, mbele ya watu wote hawa. Fachtna, utanioa?

Fachtna alisimama wima. Akalinyoosha koti lake jeupe. Na kwa kuwa na yeye alipenda kupita kiasi, na yeye akaona "ndiyo" ya kawaida haitoshi. Akatafuta kichwani msemo wa Antrim aliousikia kwa kaka zake Bronagh kwenye simu, akaukaza kwa lafudhi yao:

— Ee, barabara!

Watu wote wa kaskazini waliokuwa kando ya uwanja walilipuka. Mmoja alikaa chini kwenye nyasi. Maana huko Antrim, "ee, barabara" huambiwa mtu anayedai ana helikopta nyumbani kwao.

— Fachtna, alisema Bronagh kwa upole. Kwetu, hiyo ndiyo thubutu.

— Mungu wangu! Hapana! Yaani ndiyo! Nilitaka...

— Nyamaza. Usiseme kitu tena. Pandisha bendera.

Fachtna akatazama bendera zake mbili. Akaitupa ile nyeupe. Akaishika ya kijani kwa mikono yote miwili na kuipunga juu ya kichwa chake, machozi yakimtiririka bila aibu.

— Hilo si goli! mwamuzi akapiga kelele. Mpira haujapigwa!

— Liandike tu! akajibu Bi Philomena kutoka kwenye meza ya chai.

Timu ya Bronagh ilishindwa kwa pointi moja, na hadi leo mwamuzi anasimangwa kuhusu goli lile. Jioni hiyo Bronagh mwenyewe ndiye aliyemwendesha Fachtna hadi uwanja wa ndege.

— Naweza kuacha safari, alisema Fachtna. Niseme nini, niambie.

— Baba ni baba. Nenda kakamue. Krismasi utaniona mlangoni.

Fachtna akampigia baba yake hapo hapo, ingawa huko ilikuwa usiku wa manane, spika ikiwa wazi.

— Baba, nakuja. Ila sitakaa moja kwa moja. Naoa.

— Unaoa nani?

— Msichana wa Antrim.

Ng'ombe alisikika akilia.

— Wanacheza hurling huko?

— Baba, alifunga mawili nusu fainali.

— Basi mlete. Ila mwambie aongee polepole.

Mei ilifika. Kanisani huko Antrim, padri alipomuuliza Bronagh swali lenyewe, upande mzima wa Cork ulizuia pumzi kwa hofu, na mzee mwenye mkongojo akafumba macho. Bronagh aliwageukia, akatabasamu, kisha akasema neno moja tu, bila lafudhi ya mtu yeyote:

— Ndiyo.

Wiki iliyofuata, wakiwa wanafunga mabegi, Bi Philomena alipiga simu.

— Msimu unaanza Jumapili. Mnakuja lini?

— Jumamosi, Bi Philo. Tunarudi nyumbani.

Bi Philomena alivuta kiti akakaa. Alikuwa amelisikia neno hilo miaka yote, lakini hakuna aliyewahi kulielekeza upande wake wa bahari, San Francisco.

— Utatuandalia kitu? Fachtna akaropoka kwa nyuma. Tutakuwa na njaa!

— Nitaandaa, ndiyo!

Wakacheka wote wawili, maana sasa hata Bronagh alijua kwamba wamekataliwa. Lakini Jumapili, walipoingia uwanjani wameshikana mikono, ukungu bado haujaondoka, juu ya meza ya chai kulikuwa na keki ya ngazi tatu.