Bwana wa Ndani ya Sanduku

— Bwana yangu, leta ule wavu nishone pale panapasuka.

— Shona, bibi yangu. Tukipata samaki mingi, utavaa kitenge mupya.

Watu waliojaa kwenye maonyesho ya uvuvi pale Nchelenge wakaangua kicheko. Mwaka huo wa 1956, nyavu zilizotundikwa hazikumsimamisha mtu, basi mzungu wa maonyesho akaweka sanduku la kunasa sauti, likatoa maneno ya mvuvi na mkewe wakizieleza nyavu hizo.

Rodwell hakucheka. Ndiyo kwanza alikuwa ameshuka mashua kutoka Kilwa ya Kongo, ng'ambo ya ziwa, na sauti ile ya kike ilikuwa ya Dorica, mchumba wake! Ya kiume ilikuwa ya mwalimu Kingsley. Na kwa Kiswahili cha ziwa hili, mwanamke akisema bwana yangu, amesema mume.

Wivu, jamani! Hakuuliza mtu. Alikwenda mbio kwa Tata Zacharia, baba yake Dorica.

— Tata, munirudishie nsalamu yangu.

— Mutoto yangu, nsalamu njo uchumba. Ukiikamata, umeuvunja. Ngoja Dorica arudi.

— Hapana, Tata. Dorica iko na bwana mwingine. Nimesikia na masikio yangu!

Mzee akaingia ndani, akamletea ile nsalamu, bangili ya shanga aliyomposea Dorica. Rodwell akaipokea, mpumbavu yule.

Jumapili, nje ya kanisa, rafiki yake Chabu alimshika mkono.

— Weye! Ile ilikuwa muchezo. Muzungu njo aliwapa maneno. Dorica alikuwa anasema, "Rodwell akirudi, atafurahi kunisikia."

Rodwell akakimbia mpaka soko la Kashikishi. Alimkuta Dorica akianika samaki.

— Dorica, nilikosa. Unisamehe.

— Nimekusamehe.

— Basi nirudishe nsalamu kwa Tata?

Dorica aligeuza samaki mmoja, kisha mwingine.

— Kingsley ameleta yake jana.

— Ju ya nini?

— Batu bananicheka kila njia, ati nimeachwa ju ya sanduku. Yeye alikuja kuniuliza kama ninakula, kama ninalala. Weye hukuniuliza hata neno moja.

— Unamupenda?

— Ninakupenda weye, Rodwell.

Moyo wake uliruka kwa furaha. Akanyoosha mkono, naye Dorica akarudi nyuma.

— Lakini ile ya Kingsley nimeipokea.

Rodwell akalia palepale, mbele ya wauza samaki wote, wala hakuona haya.